Misalaba ya Wino Tumboni mwa Urpo

Mume wangu Urpo alikuwa mbishi tangu siku ya harusi, na ugonjwa haukumbadilisha. Saratani ya tezi za limfu, tena iliyoanzia kwenye ini. Daktari alisema katika miaka yake ishirini kazini ameiona mara mbili tu.

"Basi nimeshinda bahati nasibu," Urpo akamjibu.

Wakapanga kumpiga mionzi siku kumi na tano. Muuguzi akamchorea tumboni misalaba minne ya wino, ili mashine ilenge palepale kila siku. "Usiisugue," akamwambia. "Na sauna marufuku mpaka umalize."

Sauna marufuku! Huyu mama yake alimzaa kwenye sauna yetu hii, kibanda chetu cha kuogea mvuke, na humo ndimo walimwosha babu yake alipokufa. Jumamosi ya kwanza alinuna tu. Ya pili akaanza kunibembeleza.

"Kyllikki, mke wangu, dakika kumi tu. Baridi imeniingia mifupani."

"Sikio la kufa halisikii dawa!" nikamfokea.

Mdomo wangu huu! Urpo akacheka, kisha akalia. Miaka arobaini na moja sijawahi kuliona chozi lake. Nikaenda kuwasha kuni mwenyewe.

Akamwagia maji mawe ya moto, mvuke ukamfunika. "Ahaa, sasa nimekuwa mtu," akasema. Nilimsugua mgongo. Tumbo akajisugua mwenyewe kwa mazoea, nami nikamtazama tu kwa furaha, nimesahau kila kitu. Misalaba ikaondoka na povu.

Jumatatu muuguzi alipomfunua shati aliguna. Ikabidi wampime upya na kumchorea misalaba mingine, siku tatu zikapotea. Daktari aliniapia kwamba siku tatu si kitu, ini lilikuwa limeshachoka. Nilimsikia, sikumwamini. Hadi leo simwamini. Urpo alikufa zimebaki mara mbili za kupigwa mionzi.

Niliomba nimwoshe mwenyewe, saunani, bila moto. Wifi yangu Aune alinishikia beseni. Misalaba ilikuwepo yote minne, myeusi kabisa. Nikapitisha kitambaa pembeni yake, polepole.

"Sugua na hapo tumboni, wifi," Aune akasema. "Kuna wino."

"Niache! Muuguzi kasema isisuguliwe mpaka amalize."

"Kyllikki..."

"Hajamaliza," nikamwambia. "Bado mara mbili."