Mashauriano kwa Mjeledi

Haya yote ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Naapa mbele ya wanywa kahawa wote wa kibanda cha Mama Yustina, na atakayenikamata na uongo hata wa ukubwa wa punje ya kahawa nitampa jogoo wangu mwekundu, yule aliyeua majogoo kumi na mmoja pamoja na mbwa wa padre.

Mwaka ule mji wa Golo Lerong ulikuwa unapata maji Jumanne tu, na kila Jumanne watu walipigana kama wamelipwa. Pale kwenye bomba la sokoni mtawa mmoja alimvunja pua fundi cherehani, fundi akamrudishia kwa ndoo, na polisi wawili waliokuja kuamua ugomvi wakarudi kituoni bila viatu. Jumanne iliyofuata ikawa zamu ya Melania, mke wa Kanisius Jehadut. Alipigwa usoni na dumu la lita ishirini. Alifika nyumbani na nusu ndoo ya maji, na meno yake mawili ya mbele yametulia chini ya ndoo.

Kanisius aliyatazama yale meno muda mrefu. Hakuwa mkubwa wa ofisi ya maji. Alikuwa karani wa miaka hamsini na minne, mwembamba, mwenye miwani minene, lakini hapo ofisini ndiye peke yake aliyejua kujaza fomu ya wafadhili bila kuichana. Akamwambia mkewe kwamba hatapanga foleni tena maishani mwake. Melania, mdomo umevimba kama andazi, akamjibu kwamba ameshazisikia ahadi za ofisi yao, na akaenda kulala.

Miezi mitatu Kanisius aliandika ombi la ruzuku. Bomba la kilomita kumi na nne, kutoka chemchemi ya Wae Ntala kule msituni hadi mjini. Aliandika kipenyo, mteremko, idadi ya kaya, mpaka idadi ya meno yaliyong'oka kwenye foleni kwa mwaka. Akakwama kifungu cha saba. Kifungu hicho kiliuliza kama wenye chemchemi wameshauriwa na wamekubali, na kikataka dole gumba la mkuu wao.

Wenye chemchemi ni watu wa Ntala, na tangu enzi za mababu watu wa Ntala hawawezi kumwona mtu wa mjini bila kutema mate. Kanisius hakuthubutu kwenda. Akaandika, kwa mwandiko mzuri: mashauriano ya kimila yatahitimishwa siku ya penti. Penti ni sikukuu yetu ya kushukuru mavuno, na alijua hakuna mtu huko Ulaya anayeijua. Akafunga bahasha.

Wiki saba baadaye jibu likaja. Wafadhili wamefurahishwa sana na jambo hilo la mila. Mhandisi wao, Bi Annelore, atafika mwenyewe siku ya penti kushuhudia. Dole gumba likiwekwa siku hiyo, ruzuku inatoka. Lisipowekwa, ruzuku itakwenda mji mwingine, kisiwa kingine.

Ikabidi sasa apande Ntala. Mkuu wa kijiji, mzee Bertolomeus Nggorong, alikuwa anatafuna tambuu mbele ya nyumba ya ngoma. Alisikiliza mpaka mwisho, akatema kitu chekundu karibu sana na kiatu cha mgeni.

"Umeshaandika kwamba tutashauriana siku ya penti?"

"Nimeandika, mjomba."

"Basi tutashauriana. Njooni wanaume watano, wewe ukiwemo."

Kanisius alijua maana yake. Mwanaume anayealikwa siku ya penti hualikwa kwa shughuli moja: kusimama kifua wazi, kuchapwa mjeledi wa ngozi ya nyati, na kuchapa kwa zamu yake. Mkono wa kushoto anashika ngao, wa kulia upinde wa mwanzi wa kukingia, kichwani anavaa kofia ya pembe, kiunoni njuga. Mgongo ukipasuka ni heshima, maana damu hiyo ardhi inaitaka. Akiguswa uso ameshindwa, anatoka. Na kila akipigwa lazima acheze na kuimba kumjibu aliyempiga. Akinyamaza, naye ameshindwa. Mzee akaweka sharti: kila mgeni mapigo manne. Akitoka hata mmoja na uso mzima, dole ni lao.

Siku ilipofika, gari la ofisi lilipanda Ntala asubuhi na Kanisius, mafundi watatu wa pampu, Melania na kikapu cha wali na nyama ya nguruwe, Bi Annelore na daftari lake, na dereva, mtu shupavu, mzuri wa sura, ambaye unyenyekevu unanizuia kumtaja jina.

Mchapaji wa Ntala alikuwa Rofinus Jelamu, mpwa wa mzee. Mkono wake mmoja ni paja la mtu mwingine. Alipoupiga mjeledi hewani kujaribu, ndege watatu walianguka kutoka mbinguni na nyati mmoja akazimia. Ngoma zikaanza.

Fundi wa kwanza alipokea pigo moja, likampasua shavu kutoka sikio hadi pua. Akatoka. Wa pili alikinga vizuri, lakini ncha ya mjeledi ilizunguka ngao kama nyoka na kumlamba jicho. Wa tatu aliruka pembeni, na pigo likamkuta kinywani alipokuwa anaomba rehema. Bi Annelore alitapika nyuma ya gari, akafuta mdomo, akarudi kuandika.

Hapo ndipo yule dereva aliposogea, sigara ya karafuu mdomoni. Alipokea mapigo matatu mgongoni, nyama ikaruka, damu ikatiririka mpaka kwenye visigino, naye hakuangusha hata majivu ya sigara. Limebaki moja tu, mara gari likaanza kuteleza kuelekea bondeni. Ikambidi akimbie, akalishika kwa mkono mmoja. Wakasema ametoka uwanjani, hahesabiwi. Sheria ni sheria.

Akabaki Kanisius.

Akavua shati, akampa Melania. Akavua miwani, akampa pia. Sasa Rofinus kwake alikuwa ukungu wenye pembe.

"Njoo, bwana fomu," ukungu ukasema. "Nikugongee mhuri."

Pigo la kwanza lilimpata begani. Ngozi ilifunguka kama ganda la ndizi, na kwa kitambo Kanisius hakusikia ngoma wala watu. Kisha akakumbuka lazima aimbe. Nyimbo za uwanjani hakuzijua. Maishani mwake alikuwa amekariri kitu kimoja tu. Basi akaanza kurukaruka, njuga zikilia kiunoni, akaimba ombi la ruzuku: kifungu cha kwanza, jina la mji, kifungu cha pili, kilomita kumi na nne. Wanawake wa ngoma walicheka mpaka wakapoteza mpigo, halafu wakaanza kumwitikia. Zamu yake ya kuchapa ilipofika alimchapa mbuzi.

Pigo la pili liliingia mbavuni, na kila mtu alisikia kitu kimevunjika. Akaimba foleni ya Jumanne. Akaimba mtawa na fundi cherehani, akaimba meno mawili kwenye nusu ndoo. Hapo hawakucheka. Zamu yake akaichapa ngoma.

Rofinus akazunguka uwanja, mjeledi unaburura vumbini, akamjibu kwa wimbo. Aliimba kwamba mama yake, mwenye miaka sabini, anatembea saa nzima kwenda msituni kuchota maji kwa magogo ya mwanzi, na mwaka jana aliteleza akavunjika nyonga. Sasa bomba la mjini litapita mbele ya mlango wake na mdomo limefumba. Kisha akapiga, na pigo hilo halikuwa la mchezo. Lilikunja upinde wa mwanzi na kuchimba mfereji kutoka kwapani hadi kitovuni. Kanisius alipiga goti. Damu ilidondoka chini, na watu wa Ntala wakaitazama inavyonywewa.

Akiwa pale chini, aliipitia michoro yake yote kichwani. Kilomita kumi na nne, na Ntala ipo kwenye kilomita ya pili. Alikuwa ameichora kama nukta. Hata bomba moja hakuwawekea.

Akasimama. Akaimba tangi Ntala, mabomba matatu Ntala, yafunguliwe kabla ya mji kupata tone. Zamu yake alipiga macho amefumba, maana hayakuwa na faida, na mjeledi ukampata Rofinus kifuani, ukamfungua vizuri kabisa. Rofinus akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

Mzee Bertolomeus akainua mkono. Ngoma zikanyamaza.

"Kuimba si kuandika," akasema.

Kanisius akaomba fomu. Melania akaileta na miwani. Akaandika hapo hapo, karatasi juu ya ngao, damu ikidondoka kwenye kila mstari: tangi, mabomba matatu, Ntala kwanza. Bi Annelore alisoma, akatia sahihi pembeni. Kanisius akamtazama mzee, akidhani yamekwisha.

"Bado moja," mzee akasema.

Melania akamvua miwani.

Rofinus alirudi nyuma hatua saba. Pigo lile lilisikika mpaka mjini, na kengele ya kanisa ikajipiga yenyewe. Ngao ilipasuka. Upinde ukakatika. Mjeledi ulimwingia kutoka kwenye mtulinga hadi nyongani, ukamwinua, ukamtupa kwenye miguu ya mkewe. Watu wakainama kumtazama. Uso ulikuwa mzima, lakini pumzi ya kuimba haikuwepo, na Rofinus alikuwa ameanza kuhesabu kimya kwa vidole.

Melania akachutama. Kwa kinywa chake chenye pengo akamwimbia sikioni, kwa sauti ya kupiga miluzi, kifungu cha saba: je, wenye chemchemi wamekubali? Kanisius akafungua mdomo uliojaa vumbi, akakimalizia yeye mwenyewe, kwa neno moja.

"Wamekubali."

Kidau cha wino kilikuwa kimesahaulika mjini, haijulikani na nani. Mzee Bertolomeus akachovya dole gumba begani kwa Kanisius, akaligandamiza kwenye karatasi. Rofinus ndiye aliyembeba mgongoni hadi kwenye gari, akimwita ndugu yangu na kumuuliza kama anasikia baridi.

Nilipofika hapo nikiwasomea wenzangu kibandani haya niliyoyaandika, Melania alikuwa amesimama mlangoni na meno yake mawili ya dhahabu, sijui tangu saa ngapi.

"Huyo dereva aliyechapwa mapigo matatu," akasema, "si wewe, shemeji?"

Nikasema mambo ya zamani, unyenyekevu, na kadhalika.

"Vua shati."

Nikasema kuna baridi, kifua kinanibana. Walinishika wanne wakanivua. Mgongo wangu ni laini kama wa mtoto aliyebatizwa jana. Melania akawaeleza pale pale kwamba gari halikusogea hata kidole, na kwamba mimi nilikuwa chini ya turubai lake toka fundi wa kwanza alipopasuka shavu, nimekikumbatia kikapu cha nguruwe.

Jogoo mwekundu yumo chunguni. Nilimshika miguu mwenyewe. Maji ya kumnyonyolea Melania aliyakinga bombani, nje ya kibanda, bila foleni, na ilikuwa Jumatano.