Simu ya Marehemu Ilipoita

Kwa wiki tano Bibi Theodosia alichaji simu ya mtu aliyekufa.

Ilikuwa simu ndogo ya vibonye, ya marehemu mumewe, Mzee Bartolomeo. Kila asubuhi aliichomeka ukutani, akaifuta vumbi kwa upindo wa kanga, kisha akairudisha mezani palepale mzee alipozoea kuiweka. Si kwamba alikuwa amepungukiwa na akili. Mjukuu wao Raphael, akipiga kutoka Uholanzi na kuambiwa simu haipatikani, angeshtuka. Na Raphael hakutakiwa kushtuka. Alikuwa na mtihani.

Hilo lilikuwa neno la kikao cha ukoo. Siku ya maziko kule Peramiho, udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi, Edmund, mtoto wa kwanza wa Theodosia, alisimama mbele ya ndugu.

"Raphael asiambiwe," alisema. "Amebakiza mtihani mmoja tu amalize shahada yake ya uzamili. Mkimwambia leo, mtakuwa mmezika wawili."

Wazee waliguna kukubali. Ndivyo wafanyavyo kwao: aliye mbali, na mtihani uko mbele yake, hapewi habari ya msiba. Husubiriwa amalize, kisha huambiwa taratibu, pakiwa na mtu wa kumshika. Theodosia naye aliitikia kwa kichwa. Hakujua kwamba kazi yote ya kudanganya ingemwangukia yeye.

Raphael walimlea wao, tangu mama yake alipofariki, mtoto akiwa na miaka minne. Mzee Bartolomeo alikuwa seremala, na ujanani alipiga tarumbeta kwenye bendi ya misheni. Alimfundisha mtoto tarumbeta kwa njia yake. Yeye huketi barazani, mtoto husimama kule chini kwenye mihogo. Mzee akipuliza sauti tatu, mtoto ajibu. Wala asirudie zilezile.

"Ukinirudishia maneno yangu, wewe ni ukuta," mzee alimwambia. "Nimekuuliza. Nijibu!"

Meno yalipomwishia, mzee aliiacha tarumbeta akawa anaita kwa kibuyu cha ngoma ya mganda, kile kilichotobolewa tundu na kuzibwa kwa utando wa buibui, ambacho ukiimbia ndani yake sauti hutoka ikiunguruma kama nyuki. Mtoto akajibu kwa tarumbeta. Mtaa mzima wa Lizaboni ulisikia. Theodosia hajasahau kwamba jirani yao, mama yake Zuhura, aliyekuwa na kichanga wakati ule, hakulalamika hata siku moja. Alituma ujumbe tu: "Waambieni wasiache, huyu wangu ndipo anapolala."

Kumbe kuitana na kujibizana kwa namna ile kulikuwa na ndugu yake huko duniani. Wanamwita jazi, na kuna chuo kikubwa cha muziki ambako watu wanamsomea mpaka shahada ya pili. Raphael akapata nafasi, akaenda.

Na alikuwa mtu wa kupiga simu.

"Babu yuko wapi?"

"Amelala."

"Saa nne asubuhi?"

"Ndio uzee huo, baba."

Kesho yake, "Babu?"

"Ameenda Hanga kuwasalimia watawa."

"Kwa miguu ile?"

"Amepewa lifti."

Siku nyingine koo lilikuwa linamsumbua mzee. Siku nyingine alikuwa kwa kinyozi. Kila uongo ulidai mwenzake, na kila akikata simu Theodosia aliketi akiitazama mikono yake kama mikono ya mtu mwingine. Wiki ya mtihani ilipofika, Raphael alisema, "Bibi, mwambie Babu Jumamosi saa kumi jioni akae na simu yake. Asiende popote. Nina jambo langu na yeye."

"Jambo gani?"

"La wanaume," akasema, akacheka.

Theodosia alidhani mjukuu anataka baraka tu. Mtihani ukiisha, alijiambia, atamwambia siku hiyohiyo.

Jumamosi ilikuwa ya baridi kali, baridi ya Juni. Zuhura, kichanga yule wa zamani, ambaye sasa ana kibanda cha vocha pale kona, alikuja na simu yake kubwa akaiegemeza kwenye kopo la sukari, wautazame mtihani ukirushwa na chuo. Bando aliweka kwa hela yake na hakulitaja. Edmund alifika na koti lake la kanisani, kana kwamba ni yeye atakayesahihishwa.

"Ila picha inachelewa, Bibi," Zuhura alieleza. "Wanachofanya sasa hivi, sisi tunakiona baada ya kama dakika moja."

Raphael akatokea kwenye kioo, jukwaani, tarumbeta mkononi. Nyuma yake walikuwepo wapigaji watatu. Mbele, mezani, waliketi walimu wanne na karatasi zao.

"Mbona suruali imembana hivyo?" Edmund akauliza.

"Nyamaza, baba. Tusikilize," Theodosia akamwambia.

Akapiga. Theodosia hakuuelewa muziki wote, lakini alielewa pumzi ya mtoto wake, mahali anapoivuta na mahali anapoiachia. Alipiga vipande vitatu, kila kimoja kikipokewa kwa makofi. Alikuwa kwenye cha nne, kifua mbele, macho yamefumbwa, mara simu ya marehemu ikaita mezani.

Wote watatu waliruka. Kwenye kioo Raphael alikuwa bado anapuliza. Namba ilikuwa yake.

"Usipokee!" Edmund akanong'ona.

Theodosia alipokea.

"Bibi! Mpe Babu, haraka. Achukue kibuyu!" Sauti ya Raphael ilikuwa imejaa kicheko, na nyuma yake kulikuwa na watu wengi. "Niko jukwaani. Hiki ndicho kipande cha mwisho cha mtihani. Nimekiandika na nafasi nne, zote za Babu. Mimi naita, yeye anajibu. Simu iko kwenye spika, ukumbi mzima unawasikia."

Edmund alikuwa akimpungia mikono miwili na kunong'ona. "Sema amelala! Mama, sema yuko chooni! Sema chochote!"

Alifungua mdomo aseme amelala. Neno lilikuwa hapo ulimini, lilishazoea njia. Lakini kumdanganya mtoto sikioni ni jambo moja. Kumwacha asimame mbele ya watu wote wale, akimwita maiti ajibu, na maiti asijibu, halafu aje ajue baadaye kwamba bibi yake alikuwa anajua, hilo hakuliweza.

"Raphael, mwanangu," alisema. "Babu yako hayupo. Tulimzika."

Kwenye kioo Raphael alikuwa anamaliza kipande cha nne. Akainama. Akapigiwa makofi. Akatoa simu mfukoni, akaiunganisha na waya, akawaambia watu jambo kwa lugha yao, nao wakacheka. Alikuwa anacheka na yeye. Theodosia alimtazama akicheka, ilhali ameshamwambia, wala hakuwa na namna ya kuyarudisha maneno kabla hayajafika. Akamwona akiinua kichwa kusikiliza. Akaisikia sauti yake mwenyewe ikitokea kwenye kopo la sukari: *Babu yako hayupo. Tulimzika.*

Uso wa mtoto ukabaki na kicheko kisichokuwa na mwenyewe.

"Ya Rabi," Zuhura akasema, mkono mdomoni. "Innalillahi."

"Lini?" Raphael akauliza sikioni.

"Hii ni wiki ya tano."

"Wiki tano. Na Hanga? Na koo?"

"Nilisema uongo, baba."

Kwenye kioo, mwalimu mmoja, mama mwenye nywele nyeupe, aliondoka mezani akamletea kiti. Hakumgusa, hakusema kitu. Aliweka kiti karibu naye, akasimama hapohapo. Theodosia alimshukuru moyoni mama yule asiyemjua.

Raphael hakuketi. Sikioni zikaja sauti tatu za tarumbeta, zilezile za barazani. Kisha nafasi, ndefu, ya mtu kujibu. Hakujibu mtu. Akaita tena, kwa swali jingine, akasubiri. Hakuiziba nafasi hata moja. Mara nne aliita, mara nne ukumbi mzima ukakaa kimya pamoja naye. Edmund alikuwa amevua koti, amelikumbatia, analia waziwazi.

Raphael alipiga simu tena jua likielekea kuzama.

"Nimefaulu," alisema. Kisha, "Nani aliamua nisiambiwe?"

Edmund alinyoosha mkono apewe simu. Theodosia hakumpa.

"Sote. Na mimi nilikubali."

"Sitakusamehe leo, Bibi."

"Basi nisamehe kesho. Nitakuwepo."

"Hilo nalo usiniahidi."

Raphael alikuwa na haki ya kusema hivyo.

"Nieleze," Raphael akasema. "Tangu asubuhi ile. Na usiruke kitu."

Theodosia akavuta kanga mabegani. "Aliamka kabla yangu," alianza. "Aliomba maji ya moto..."