Taa ya Magoti ya Mayu Kwandu

Kristofa alirudi kutoka Maswa siku ya Jumanne, saa tisa alasiri, akiwa na godoro, redio isiyo na betri, na taa. Kiwanda cha kuchambua pamba alichokifanyia kazi miaka kumi na miwili kilikuwa kimefungwa. Wanunuzi binafsi walishaingia, na vitu vya kiwanda, hadi vya zahanati yake, vilikuwa vinauzwa getini. Taa ilikuwa ya balbu nyekundu, nene kama kibuyu cha maziwa. Nesi aliyemuuzia alimwambia ni ya maumivu: unaimulika sehemu inayouma robo saa, asubuhi na jioni.

"Mwadila, mayu," alimsalimu mama yake mlangoni, kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba," alijibu mama. "Umepunguzwa?"

"Nimepunguzwa."

Mama yake, Kwandu, alikuwa amekaa kwenye kigoda palepale alipomwacha mwezi wa tatu. Magoti yalikuwa yamemvimba. Kisimani hakufika tena, na kanisani alipelekwa kwa baiskeli. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa samadi aliyopikia miaka hamsini, maana kuni huko upande wa Lalago zilikwisha zamani. Hayo macho ndiyo yaliyomtia Kristofa hofu kuliko magoti. Miaka ile bibi kizee mwenye macho mekundu aliitwa mchawi, na aliyeitwa mchawi alihama au alikatwa panga. Shemeji yake Kwandu, Masele, alikuwa analitaka shamba la mpunga la marehemu kaka yake, mume wa Kwandu. Tayari alikuwa ameanza kuyataja macho hayo kilabuni.

Umeme ulikuwa haujafika kijijini. Uliishia Bariadi mjini, na hata huko ulikuja ukipenda. Kristofa alichomeka plagi kwenye ukuta wa udongo, ili tu waya usikanyagwe na mbuzi. Taa ikawaka.

"Inaunguza?" aliuliza.

"Ina joto la ndama," alisema Kwandu. "Isogeze kidogo."

Wiki ya pili alikwenda kisimani mwenyewe. Wiki ya tatu majirani wakaanza kuja: Esteria na bega lake lisiloinuka, mwenyekiti Jilala na kiuno, wanaume waliopinda migongo kwa kupakia marobota ya pamba. Masele naye alikuja, na nyonga. Kwandu alimpisha kwenye kigoda, akamgeuzia taa. Wengine walishukuru kwa kuku, wengine walijisahau.

Kila aliyemulikwa alipona, na macho yake yakawa mekundu. Wekundu ulianzia pembeni, ukaenea, ukatulia. Haukuuma. Watu walijuliana hali ya viungo, ya macho hakuna aliyeuliza. Macho ya Kwandu mwenyewe yalizidi kutakata kila mgonjwa alipoinuka kigodani, na kufikia mwezi wa kumi yalikuwa meupe kama ya mtoto anayenyonya. Kristofa aliyaona, akapata usingizi kwa mara ya kwanza tangu arudi. Maskini, alidhani kweli ugomvi ulikuwa wa macho.

Mkutano uliitishwa Jumapili baada ya ibada, mbele ya ghala la pamba. Walikuja wote, wakakaa migongo imenyooka, macho mekundu mstari kwa mstari. Jilala alisoma karatasi aliyoletewa na Masele: mama huyu, Kwandu, ana macho mekundu, watu wanamwogopa, ahame kwa usalama wake.

Kwandu aliinuka bila fimbo. "Niangalieni macho," alisema.

Wakamwangalia, bila haraka. Jilala alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Tumeona, mayu," alisema kwa upole. "Ni meupe."

"Basi?"

"Basi karatasi imeshaandikwa. Na shemeji yako ameshalima upande wa mtoni."

Akawaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Esteria alinyoosha ule wa bega lililopona, nao ukafika juu kabisa. Kristofa alipinga peke yake. Mkono wake ulionekana, ukaandikwa.

Alfajiri alijaribu kuichomoa taa. Plagi ilikuwa imeshika ukutani kama mzizi, akaiacha ikiwaka. Alijitwika godoro, mama yake akabeba sufuria mbili na kigoda. Walipofika njia panda waligeuka: watu watatu walishapanga foleni mlangoni, na Masele alikuwa akiwakaribisha.

Walikuwa wanakwenda Migato, kwa Nyanjige, binti yake Kwandu, mwendo wa siku mbili. Kwandu alitangulia. Walipokuwa wanavuka mto mkavu alisema roho inamuuma, akasema mara moja tu. Magoti hayakumsumbua njia nzima.