Saa Arobaini za Kipande cha Sita

Waliokusanyika maabarani asubuhi ile walikuwa watano: mkuu wa mradi, mhandisi wa mapango, mkaguzi wa usalama, mzee mchimbaji visima, aliyetumia miaka sita kutoboa pango la kuhifadhia gesi ndani ya mwamba wa chumvi, na mpwa wake, fundi wa maabara, ambaye wote walimwita Mama Polepole. Nje, magunia ya saruji ya kuliziba pango moja kwa moja yalikuwa yamekwisha kushushwa.

Sababu ilikuwa juu ya meza: vipande vitano vya chumvi vilivyokatwa pangoni, kila kimoja unene wa kikombe, vyote vimepasuka. Gesi inapotolewa, pango hupoa; kwa hiyo mhandisi alivipasha vipande joto la pango, kisha akavipoza. Vilipopasuka, akaandika kwamba mwamba haufai.

Siku mbili kabla, Mama Polepole alipolipitia daftari la tanuri, aliguna. Kila kipande kilishuka nyuzijoto arobaini kwa dakika ishirini tu. Tanuri lilikuwa na foleni, mhandisi akavitoa humo na kuvitia kwenye jokofu vikiwa bado moto. Ngozi ya jiwe ilisinyaa ilhali moyo wake ungali na joto, ingeachaje kuchanika? Kule chini, vali ya kutolea gesi ikifunguliwa kwa kiasi, baridi huingia taratibu, na chumvi hupata wasaa wa kujinyoosha. Akaomba kipande cha sita, akakipoza nyuzijoto moja kwa saa. Saa arobaini kamili, zilizotimia asubuhi hiyo.

"Mama Polepole, jiwe limeiva?" mhandisi alimtania. "Au tukuongezee kuni?"

"Subiri, kaka, usije ukaungua ulimi."

"Mwanangu," mjomba wake alinong'ona, "miaka yangu sita imo humo."

"Najua, mjomba. Ndiyo maana sikuiharakisha."

Akakitoa kipande: kizima, bila ufa. Akakikaza ndani ya bomba la chuma, akasukuma gesi upande mmoja. Geji ya kupima mgandamizo upande wa pili ikipanda, gesi imepenya. Nusu saa ikapita. Mshale ulitulia tuli kwenye sifuri.

"Geji imekwama hiyo," mhandisi akasema.

Mama Polepole alikitoa kipande kile, akatia kimoja cha vile vilivyopasuka, akafungua gesi. Mshale ukaruka hadi mwisho.

Mzee akapiga makofi peke yake, kisha mkaguzi akamuunga mkono. Mhandisi aliwatazama, akacheka, akainua mikono juu. "Basi, dada, nimekubali yaishe. Jiwe halikuwa na kosa. Papara ilikuwa yangu."

Mkuu wa mradi akasimama.

"Sikilizeni wote. Saruji irudi ghalani. Pango litajazwa gesi, na kasi ya kuitoa ataipanga Mama Polepole. Kuanzia leo, hakuna atakayegusa vali bila sahihi yake."