Sekunde Ishirini za Salamu

Mpaka mwezi uliopita, ukipiga simu ofisi yetu ya wakimbizi ya Mbarara baada ya saa kumi na moja jioni, sauti uliyoisikia kwenye mashine ya kupokea ujumbe ilikuwa yangu. Niliitoa bure, tena kwa furaha. Daphine, karani wa mapokezi, alinipa mkono wa simu nikasema, kwa Kirundi kisha kwa Kiswahili: "Ofisi imefungwa. Mimi ni Marcienne. Sema shida yako, tutaisikia." Halafu akanipeleka kwao Nyamitanga tukala matoke, tukacheka mpaka machozi. Wakimbizi hawaamini mashine, aliniambia, ila wewe watakuamini.

Waliniamini kweli.

Mimi ni mkalimani wa ofisi huku kambini Nakivale, na watu huniita Mama Claude. Kila Jumatatu nilimpigia Daphine kumuuliza kama wikendi kulikuwa na ujumbe. "Hapana, mukwano, rafiki yangu. Iko kimya." Miezi minne iko kimya! Nami, mjinga, nikamshukuru Mungu kwamba watu wangu hawapati shida siku za mapumziko.

Mwezi uliopita madaktari wa macho walikuja Mbarara kwa juma moja. Larissa, binti wa Astère na Cansilde, ana miaka saba na jicho lake la kushoto lina ukungu tangu azaliwe. Alipata nafasi ya kupasuliwa. Sharti lilikuwa moja tu: mzazi apige simu ofisini kabla ya Jumapili jioni kuthibitisha kwamba mtoto atakuja, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine.

Jumatatu gari la kuwapeleka wagonjwa Mbarara lilikuja. Larissa hakuwemo kwenye orodha. Nafasi yake ilishapewa mtoto kutoka Kaberebere. Astère alisimama na mfuko wa nguo za binti yake, akanitazama.

"Mama Claude, si nilikuambia Jumamosi?"

"Uliniambia wapi, Baba Larissa?"

"Kwa simu. Si uliniitikia mwenyewe?"

Nilipanda gari lilelile mpaka Mbarara, nikaingia ofisini bila kubisha hodi. Nikamwambia Daphine afungue ujumbe wote. Zilikuwa jumbe thelathini na nane. Ujumbe wa Astère ulikuwa karibu na mwisho.

"Mama Claude, amahoro! Ni mie Astère, baba ya Larissa. Muko bazima?" Akanyamaza, ananisubiri nijibu. "Batoto banaendelea muzuri?" Akanyamaza tena. "Na muzee, ule muguu ulipona? Huko kwenu mvua ilinyesha? Sisi huku..."

Mlio. Basi.

Kwetu mtu haanzi na shida yake. Anaanza na watu wa nyumbani kwako, mmoja mmoja, na anakupa nafasi ya kujibu. Mashine ilikuwa imepangwa ikate kwenye sekunde ya ishirini. Tukasikiliza mwingine, na mwingine. Jocelyne ameuliza habari za mbuzi wangu aliyezaa, akakatwa. Mzee Rénovat amenipa pole ya msiba, akakatwa. Watu thelathini na wanane wameniheshimu hivyo, na hakuna hata mmoja aliyefika kwenye neno lake.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nyabo, mama, mimi nilisikia wiki ya kwanza tu. Watu yako iko nasalimia, nasalimia, basi. Hakuna maneno. Nikaacha kusikia."

"Na kila Jumatatu ukaniambia kimya."

"Sasa ningekuambia nini? Salamu?"

"Ndiyo! Ungeniambia wananisalimia! Ningejua palepale kwamba wana shida."

Alibonyeza vitufe viwili, muda ukawa dakika tatu. Ilikuwa kazi ndogo kiasi hicho. Sina ugomvi na mashine. Huyu Daphine nilimwita dada, nimekula kwao, na aliichukua sauti yangu akawawekea watu wangu mlangoni, halafu akaondoka zake. Hasira ilinipanda. Nikamwambia aifute sauti yangu, na nikasimama pale mpaka ikafutika.

Nilikwenda hospitali kuomba. Wakanijibu kwa upole kwamba orodha imejaa. Ijumaa madaktari wakaondoka.

Jumapili, baada ya misa, Cansilde alinipigia kwenye simu yangu mwenyewe. Nilifurahi kuona jina lake.

"Amahoro, Mama Larissa," nikasema. "Muko bazima? Watoto..."

"Madaktari watarudi lini?"

Nikasema sijui. Akakata simu.