Mmiliki Mkuu

Fundi Miwani hakuwa na huruma na malalamiko ya wenye magari ya kifahari, na wala hakuficha. Asubuhi ile tu alikuwa ameshapokea matatu. Mzee mmoja aling'aka kwamba gari linamwambia apumzike, eti amesinzia, kumbe ndivyo macho yake yalivyoumbwa. Wa pili skrini yake ilikuwa imeganda tangu juzi, na bila skrini hawezi hata kupunguza ubaridi, akaja amevaa koti zito. Wa tatu, gari lilimsomea ujumbe wa simu kwa sauti kubwa, mama mkwe akiwa amekaa nyuma.

"Hawa wanadeka," Miwani alimwambia dada wa mapokezi. "Mtu ana kiti kinachomkanda mgongo, bado amenuna!"

Saa nne likaingia gari jeupe. Mwanamke akashuka, akasimama kando akitazama geti. Miwani akatoa simu ya gereji na kuanza kazi kama kawaida yake, maana kwake gari haliguswi kabla halijapigwa video. Miaka miwili nyuma alisingiziwa mkwaruzo ambao hakuufanya, akasimamishwa kazi wiki tatu. Tangu hapo kila gari alilizunguka lote, nje na ndani, kisha akabonyeza "tuma", na mwenye gari akapata video kwenye akaunti ya gari kabla spana haijashikwa. Alijivunia sana utaratibu huo, na gereji nzima ilikuwa imemuiga.

Akapiga video ya matairi, bampa, viti, na sanduku jekundu lililokuwa kiti cha nyuma. Akabonyeza.

"Haya dada, karibu. Gari linasumbua nini?"

"Linasema ninakokwenda," mwanamke akajibu.

Miwani nusura acheke, ila akaona kidole cha kati cha mwanamke huyo kimefungwa bandeji mpaka kwenye kiganja.

Mwanamke akaeleza haraka haraka, macho hayatoki getini. Gari ni lake, kadi ina jina lake. Lakini siku ya kulichukua dukani mume wake ndiye aliyefungua akaunti, kwa kuwa nyumbani yeye ndiye anayejua mambo ya simu. Kuanzia siku hiyo mume alijua ameegesha wapi, amekaa muda gani, na kama kiti cha pembeni kina mtu.

"Nikifungua dirisha anajua, fundi. Wiki iliyopita nimetoroka, nikaenda kwa dada yangu. Siku ya tatu huyo hapo, amesimama mlangoni. Kidole hiki alikivunja pale pale. Akaniambia nikiondoka tena haitaishia kwenye kidole." Akaonyesha sanduku jekundu. "Leo nimeondoka tena. Nitolee huyo mtu ndani ya gari langu, basi."

Hamu ya kucheka ilimwisha Miwani. Akachomeka mashine ya kupimia, akasubiri, akasoma. Mmiliki mkuu: mume, na picha yake anatabasamu. Chini yake, kwa herufi ndogo, yule mwanamke. Ndani ya gari lake mwenyewe aliandikwa "dereva mgeni". Kumfuta mmiliki mkuu kulihitaji namba ya siri, na namba hiyo hutumwa kwenye simu ya mmiliki mkuu. Miwani akajaribu njia nyingine mbili alizozijua. Zote zikagota pale pale.

Ndipo akaona mstari wa mwisho. Video ya ukaguzi imetumwa kwa mmiliki mkuu. Imetazamwa.

Angeweza kunyamaza, amwambie gari limeshindikana, aende zake, na hakuna ambaye angejua. Alilifikiria hilo, na lilimtia aibu baadaye kila alipolikumbuka.

Akiwa bado ameinamia mashine, taa za gari zikawaka mara mbili, milango ikajifunga yenyewe. Hakuna aliyekuwa ameligusa. Sanduku likabaki ndani.

"Ni yeye," mwanamke akasema kwa sauti ndogo.

Miwani akapiga moyo konde. "Dada, nimekosa. Mimi hupiga video kila gari likiingia. Nimetuma kabla sijakuuliza. Imemfikia yeye."

"Sanduku linaonekana?"

"Linaonekana."

Hakupiga kelele. Akakaa tu juu ya tairi la akiba, na Miwani akatamani afadhali angemtukana.

Dada wa mapokezi akatokeza kichwa mlangoni. "Miwani, kuna bwana amepiga. Anasema yuko njiani, dakika ishirini, na mke wake asiondoke. Mpole kweli, ananiita mwanangu!"

Hapo Miwani akaacha kujilaumu akaanza kufanya kazi. Rimoti ilikataa kufungua, lakini ndani yake mna ufunguo mdogo wa chuma ambao wenye magari wengi hawajui kama upo. Akauchomoa, akafungua mlango kwa mkono, akalitoa sanduku. Akamweleza dada wa mapokezi kwa maneno machache, na dada huyo hakuuliza swali, akavaa viatu vyake vya kutembelea.

"Mpitishe mlango wa nyuma mpaka apate gari lolote."

"Nakwenda kwa..." mwanamke akaanza.

"Usiniambie!" Miwani akamkata. "Ataniuliza. Na mimi uongo haukai usoni, mke wangu hunikamata kila siku. Nenda, dada. Nisamehe."

Mwanamke akamtazama, akatikisa kichwa kukubali, akaondoka.

Gari halitoki gereji bila kujaribiwa barabarani, huo nao ulikuwa utaratibu. Miwani akabandika plasta nyeusi ya umeme juu ya kamera ya ndani, akawasha, akatoka akielekea upande mwingine kabisa, mbali na mlango wa nyuma. Aliendesha polepole. Kwenye taa za kwanza skrini ikaandika: Mmiliki mkuu anatazama mahali ulipo. Kwenye taa za pili ikaandika: Mmiliki mkuu amekuchagulia safari. Nyumbani.

"Geuka unapoweza," gari likasema, kwa sauti tamu ya kike.

Hakugeuka. Likarudia. Likarudia tena, halichoki, halikasiriki, na Miwani akawaza mwanamke yule amesikia sauti hiyo mara ngapi, peke yake. Akaendelea mpaka alipoingia uwanja wa kituo cha polisi, akaegesha chini ya madirisha yao, akashuka, akasimama mbele ya gari.

Mume alifika baada ya dakika sita. Shati limenyooka, simu mkononi, tabasamu lile lile la kwenye picha. Akachungulia kiti cha mbele, cha nyuma, akafungua buti.

"Fundi wangu. Mke wangu yuko wapi?"

"Sijui, bosi."

"Hujui." Akasogea mpaka Miwani akasikia pumzi yake. Akamkagua uso taratibu, jicho, mdomo, jicho. Miwani akauacha uso wake ukaguliwe. Hapakuwa na kitu cha kuficha.

Tabasamu likaisha. Mume akainamia simu yake, akaisugua kwa kidole, akaisugua tena kwa nguvu. Simu ikamwonyesha gari liliposimama, upepo wa matairi yote manne, na kwamba kiti cha dereva hakina mtu.