Kifungu cha Arobaini na Saba

Mdogo wangu Enoch alimpiga Ralph Wadlow shoka la shingo kwa sababu ya nguruwe. Nguruwe wa Wadlow walikuwa wameingia kwenye banda la mahindi la Enoch mara ya tatu, naye akaenda kumwambia, Wadlow akacheka. Ndiyo hivyo tu. Mimi ni fundi mapipa, na asubuhi ile nilikuwa hatua ishirini pembeni, napasua mwaloni. Niliona shoka likipanda na nikaliona likishuka.

Mjane Hepzibah Coy naye aliona, kutoka ng'ambo ya kijito. Yeye alipiga kelele, mimi nikanyamaza. Hakujua kama nipo. Enoch alijua, maana aligeuka akaniangalia, kisha nikaondoka.

Kijijini kwetu Thornhithe hatukuwa na jela. Walimfungia kwenye ghala la samaki wa chumvi, kesi ikawekwa baada ya siku sita, mbele ya mahakimu watatu tuliowachagua wenyewe. Konstebo wetu, Giles Penfold, hakunizungusha.

"Obadia, mtafutie mdogo wako shati safi."

"Shahidi ni mmoja," nikamwambia. "Sheria inataka wawili."

"Sheria ipi?"

"Ile iliyosomwa mkutanoni. Mtu hanyongwi kwa neno la mtu mmoja."

"Wewe shule uliikimbia kabla ya kumaliza herufi, leo umekuwa wakili?"

Akakitoa kitabu sandukuni. Karatasi ya kwanza ni ile tuliyotia saini tuliposhuka melini, wanaume arobaini na mmoja, kwamba tutatawaliwa na sheria tutakazokubaliana sisi wenyewe. Wasiojua kuandika waliweka alama. Yangu ni pipa dogo, ipo pale chini. Baadaye tuliazima orodha ya haki za watu wa koloni la Massachusetts, ikasomwa kwa sauti kifungu kwa kifungu, nasi tukainua mikono. Vilikuwa vifungu karibu mia. Lakini mwenye orodha aliitaka kabla mwandishi wetu hajamaliza kunakili, na baada ya hapo hakuna aliyeshughulika tena. Kitabu chetu kiliishia kifungu cha arobaini na nne.

"Kisichomo humu hakipo," Penfold akasema, akafunga sanduku.

Watu wa kijiji cha Harrow Neck walikuwa na orodha nzima. Ni mwendo wa siku mbili, na theluji ilikuwa ya magoti. Nilikwenda na mkate wa mahindi na kipande cha samaki. Siku ya pili sikuvihisi tena vidole vya mguu wa kushoto, nikaendelea, kwa kuwa nikikaa chini sitainuka na Enoch atakufa.

Mwandishi wa kule, mzee Josiah Fenn, alikitafuta kifungu huku nikiwa nimeinamia moto wake. Cha arobaini na saba. Akasoma: mtu yeyote asiuawe pasipo ushahidi wa watu wawili au watatu, au jambo lenye uzito sawa na huo.

"Hilo la mwisho la nini?"

"Mathalani mtu akikiri mwenyewe."

"Liache."

Akaniangalia juu ya miwani. "Hii si supu, nikutolee kitunguu usichokipenda. Nikitia saini kwamba nakala ni kamili, itakuwa kamili."

Sikubishana. Nakala isiyo na saini yake ingetupwa motoni. Tena tangu akamatwe, Enoch hakuwa amefungua kinywa mbele ya mtu yeyote.

Nilirudi asubuhi ya kesi. Nikasimama nje ya ghala, nikaongea naye kwenye mwanya wa mbao.

"Nimeipata. Usikiri, usikatae. Kaa kimya tu."

"Na wewe wakikuuliza?"

"Hawataniuliza. Nani anajua nilikuwepo?"

"Mungu anajua, kaka."

"Mungu hataitwa kutoa ushahidi."

"Usiseme hivyo." Nilisikia meno yake yakigongana kwa baridi. "Ukiapa uongo umekwisha. Mimi nimeshaharibu. Tusiende wote."

"Nyamaza tu," nikasema. "Mengine niachie mimi."

Kesi ilisikilizwa kwenye nyumba ya ibada. Mke wa Wadlow alikaa mbele, tumbo lake la miezi minane. Sikuweza kumtazama. Mjane Coy aliapa, akaeleza alichokiona, hakuongeza kitu. Nikapeleka ile karatasi. Hakimu mkuu, Bwana Orcutt, akaisoma kwa sauti hadi mwisho.

"Haimo kwenye kitabu chetu," Penfold akasema.

"Lakini tuliisikia na mikono tuliinua," Orcutt akajibu. "Wako uliinuka pia, Giles, nilikuwa nyuma yako. Ni sheria yetu."

Mke wa Wadlow akauliza, taratibu, "Na mume wangu?"

Orcutt akageukia watu. "Kuna shahidi wa pili?"

Nilianza kuhesabu pumzi zangu. Nilifika ya tisa.

"Kulikuwa na mtu," Mjane Coy akasema. "Nilivuka kijito kwenda kumfunika Ralph. Nilikuta mwaloni umepasuliwa, bado unatoa maji, na kabari ya kupasulia imo ndani. Hapa kwetu nani mwingine anapasua mwaloni namna ile? Obadia, kabari yako umekwenda kuichukua?"

Sikuwa nimeichukua. Niliisahau kabisa.

"Njoo mbele," Orcutt akasema. "Inua mkono. Utaapa, kisha utatuambia kama ulikuwepo, na uliona nini."

Nikaenda nikichechemea. Uongo nilikuwa nao tayari: kabari niliiacha jana yake, asubuhi ile nilikuwa nyumbani nakaza pete za mapipa. Ningeusema. Nilikuwa radhi kuungua jehanamu kwa ajili yake. Nikainua mkono.

"Mwacheni kaka yangu," Enoch akasema.

"Enoch, kimya."

"Asiape. Nilimuua mimi. Ralph alicheka nikampiga, na hakuwa na kitu mkononi." Akamtazama Orcutt. "Hilo lina uzito sawa na ule uliosomwa, Bwana?"

Orcutt aliinamia karatasi yangu muda mrefu, kana kwamba anatafuta neno lingine pale chini. Palikuwa na saini ya Fenn tu.

"Lina," akasema.

Mkono wangu ulikuwa bado juu. Penfold ndiye aliyeushusha.

Walimnyonga Alhamisi, amevaa shati langu. Wiki iliyofuata Penfold alikuja karakanani kwangu kuuliza kama karatasi ile inaweza kutiwa kitabuni. Nikamwambia alete kitabu. Niliitoboa matundu manne, nikaishona mwenyewe kwa uzi wa katani, maana yeye angeishona vibaya.

Kabari Mjane Coy aliileta, akaiweka mlangoni. Hakuna aliyeniuliza tena kama nilikuwepo.